Daftari la Mali

Mimi ndiye niliyeipiga chapa ile amri.
Niseme mapema, nisije nikajificha
nyuma ya Meya kama walivyojificha wengine.
Vidole vyangu, karatasi ya manispaa,
na saini ya Mstahiki Sebarua Kihiyo
yenye mkia mrefu, saini ya mwalimu wa hesabu.
Wauzaji wote wa pembezoni mwa soko
waondoke ndani ya siku saba.
Saba!
Hata marehemu hupewa arobaini.

Siku ya nane Ngamiani iliwaka.
Matairi, mabanda ya mitumba, gari letu la taka.
Barabara zetu zina namba, hazina majina,
basi tukawa tunauhesabu moto kwa simu ya mezani:
umefika ya Saba, umevuka ya Tisa,
ya Kumi na Mbili wanarusha mawe.
Baiskeli zililala chali katikati ya lami,
magurudumu yakizunguka
kama hayajapata habari kuwa mpandaji kaanguka.

Ukumbini, Shemzigwa wa Chumbageni akagonga meza:
"Tuandike wahuni. Neno moja, muhuri mmoja,
mengine tuwaachie wenye bunduki."
Nikaingiza karatasi kwenye mashine.
Meya akaitazama ile karatasi tupu
kama mtu anayetafuta kosa
kwenye jibu alilolitoa mwenyewe.
"Hao wahuni nawajua kwa majina," akasema.
"Nusu yao niliwafundisha kugawanya.
Kumbe mwalimu mwenyewe hakujua kugawa."

Akavaa joho. Jekundu, zito, la sherehe,
lililoshonewa mtu mnene kuliko yeye.
Mkufu akauacha mezani.
Akatoka kwa miguu, na hakuna aliyemfuata
ila mimi; nami nilimfuata
kwa kuwa funguo zangu zilikuwa mfukoni mwake.

Sitasema moto ulizimika alipopita.
Haukuzimika.
Alipigwa jiwe la bega, akatukaniwa mama
ambaye tulimzika mwaka juzi.
Akajibu, "Ndiyo. Saini ni yangu,"
kona ya kwanza, kona ya pili,
hadi sauti ikabaki mchakacho.

Barabara ya Kumi na Mbili tukamkuta Nuhu,
kijana wa kuziba pancha, mwana wa Bi Mwanaidi,
amelala kando ya pampu yake.
Meya akavua joho, akalitandika chini.
Tukambeba watu sita,
mimi na watano wa neno la Shemzigwa,
hadi Bombo.
Askari walipoiona rangi ile
wakashusha mitutu; hawakujua
saluti wampigie nani.

Nuhu alifariki alfajiri ya tatu.
Amri ilifutwa kwa mistari miwili.
Niliipiga chapa vilevile, kwa vidole vilevile.

Mvua za vuli zilipoanza, Bi Mwanaidi akaja ofisini
na mfuko wa rambo.
Alikuwa amelifua kwa sabuni ya mche na ndimu,
akalipiga pasi ya mkaa, mkunjo juu ya mkunjo.
Wekundu ulikuwa umebaki rangi ya ufizi.
"Mali ya watu," akasema, "hairithiwi."
Hakukaa. Soda hakuitaka.

Kihiyo alilivaa hivyo hivyo kwenye kila kikao.
Wageni wa mkoani walicheka chinichini.
Fedha za joho jipya zilipitishwa mara mbili,
mara mbili akazipeleka kwenye mitaro ya Mabawa.
Uchaguzi ulipofika, kata yake ikamwangusha.
Watu hawakumsamehe.
Sijui kama aliwahi kuomba.

Leo mkaguzi amekuja na daftari lake.
Viti, arobaini na viwili. Mashine ya chapa, moja, mbovu.
Joho la Meya, moja.
"Hali yake?" kauliza, kalamu juu.
Nimeligusa. Kwenye pindo, kwa ndani,
kuna doa ambalo ndimu haikulifikia.
Chakavu, ningeweza kusema. Limechujuka.

"Andika," nikamwambia, "limefuliwa."